Darasani wanaitikia vizuri, nyumbani wanampa mtoto maji. Nakosea wapi?

Shikamoo Bibi Mkunga,

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati moja mkoani Tanga. Nina miaka 29. Kwa miaka mitatu sasa mimi ndiye ninayewafundisha wajawazito kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla hawajaanza kupimwa. Somo la kunyonyesha nalipenda kuliko yote na ndilo ninalolipa muda mrefu. Naeleza kinga, naeleza kuharisha, naeleza akili ya mtoto, naeleza jinsi kunyonyesha kunavyosaidia mji wa mimba kurudi. Nikimaliza nauliza, "Tutampa mtoto nini?" Wanaitikia kwa sauti moja, "Maziwa ya mama tu!" "Mpaka lini?" "Miezi sita!" Natoka pale nimefurahi.

Lakini watoto wakirudi kwa chanjo ya wiki ya sita, nakuta mengine. Huyu anampa maji kwa sababu ya joto. Yule anampa dawa ya mchango. Mwingine ameshaanza uji mwepesi. Nikiwauliza taratibu wananijibu, "Nesi, maziwa hayakutoka," au, "Hayamtoshi, analia usiku kucha."

Kuna mmoja ameniumiza sana. Ni binti wa miaka 20, mimba yake ya kwanza. Alikuja madarasa yote, na daftari lake mkononi. Siku ya tisa baada ya kujifungua nilipita kwao. Nilikuta chuchu zote mbili zimepasuka, moja inatoa damu, na mtoto ananyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji. Nikamwambia, "Si nilikufundisha?" Akainama, hakunijibu. Mama mkwe wake ndiye aliyejibu: "Mwanangu, wewe unasoma karatasi. Mimi nimelea saba. Na wewe mwenyewe hujazaa." Niliondoka nikiwa na aibu. Sasa zimepita siku tano na sijarudi.

Mwenzangu kazini anasema wanawake wa siku hizi ni wavivu, nisijisumbue. Mimi siamini hivyo. Ila sijui nibadilishe nini. Na kuna mambo mengine yananishinda kuyasema mbele ya watu, kama kubemenda, na akina mama wanaoishi na VVU. Nisaidie.

Nesi wa Jumanne na Alhamisi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: "Si nilikufundisha?" Neno hilo nalijua vizuri. Nimelisema kwa miaka mingi kabla sijaelewa kwamba jibu lake ni hapana. Binti yule ulimfundisha kwa nini anyonyeshe, na hilo alilishika, ndiyo maana alikuja na daftari. Usiku wa siku ya tatu, titi limejaa hadi linang'aa, chuchu inawaka moto, mtoto anapiga kelele na nyumba nzima imeamka, daftari la faida halimsaidii mtu. Alichokihitaji ni mikono inayojua kumweka mtoto titini, na mtu mmoja wa kumuuliza. Vyote viwili havikuwapo.

Sikulaumu. Wengi wetu tulifundishwa kufundisha hivyo. Lakini tazama: zile Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji, ambazo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizitoa mwaka 1989 na kuzipitia upya 2018, hatua yake ya tatu inasema tuzungumze na wajawazito pamoja na familia zao, kuhusu umuhimu wa kunyonyesha na pia namna ya kunyonyesha. Sisi huchukua umuhimu tukaacha namna, tukamchukua mjamzito tukaiacha familia. Ukivirudisha hivyo viwili utaona tofauti.

Na usimsikilize mwenzako. Wanawake wa nchi hii si wavivu. Mwaka 2010, katika watoto wa chini ya miezi sita, nusu ndio waliokuwa wakinyonyeshwa bila kupewa kitu kingine. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 59, na ule wa 2022 ukakuta 64. Hiyo ni kazi ya akina mama wenyewe, wengi wao wakiwa hawana likizo wala msaidizi. Wanaoanza ni wengi sana. Wanapungua njiani kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo kazi yako si kuwashawishi waanze. Kazi yako ni kuwashika mkono wasiangukie njiani, na shimo la kwanza liko katika wiki ile ya kwanza.

Tuanze na darasa lako. Faida zipunguze ziwe dakika tano. Halafu toa mwanasesere. Kama zahanati haina, viringisha kanga mbili, funga kichwa kwa uzi, mtoto amepatikana. Mwite mama mmoja mbele akae kwenye kiti chenye egemeo, ampakate. Wote waone: kichwa na mwili wa mtoto viko kwenye mstari mmoja, hajapinda shingo. Tumbo lake limegusana na tumbo la mama. Pua inaelekea chuchu. Mama anasubiri mdomo ufunguke wazi kama wa mtu anayepiga mwayo, ndipo anamleta mtoto kwenye titi. Si mama kuinama na kumpelekea mtoto titi. Akifanya hivyo mgongo utamuuma na mtoto atakamata chuchu peke yake, na hapo ndipo zinapopasuka. Mtoto akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi kwa juu kuliko kwa chini. Waambie pia kwamba maumivu yanayoendelea baada ya mikupuo ya mwanzo ni dalili kwamba mtoto hajashika sawa. Hakuna tuzo ya kuvumilia. Mama apenyeze kidole kidogo pembeni mwa mdomo wa mtoto, mnyonyo uachie, aanze upya. Arudie hata mara tano.

Kisha kila mmoja afanye kwa mikono yake. Hapo utawajua. Niliwahi kuwa na mama wa mimba ya nne, mtu wa kuitikia kwa sauti kuliko wote. Nilipompa mwanasesere alimlaza chali mapajani, akampinda shingo kuelekea titi kama anayechungulia dirishani. Watoto watatu aliwanyonyesha hivyo, na kila mmoja alimwachia vidonda. Hakuna aliyewahi kumwona akinyonyesha. Wote tulikuwa tumemuuliza tu, naye akajibu ndiyo. Nilimgeuza yule mwanasesere tumbo kwa tumbo, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe."

Baada ya hapo chukua kijiko cha chai, mimina maji kijae. Hicho ni kiasi cha mililita tano. Wapitishie wakione. Waambie dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya njano, anayopata mtoto siku ya kwanza kwa mnyonyo mmoja ni karibu na hicho, wakati mwingine hata pungufu, na inamtosha. "Maziwa hayakutoka" unayoisikia wiki ya sita, nusu yake ilizaliwa siku ya kwanza na ya pili, mama alipokuwa anatarajia kuona maziwa mengi meupe, akaona matone ya njano. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne. Mtoto pia hupungua uzito siku za mwanzo, wakati mwingine hadi karibu sehemu moja ya kumi, na anatakiwa awe ameurudisha wiki mbili zikitimia. Mama asipoambiwa hilo kabla, akiona mashavu yamepungua ataamini kila atakachoambiwa na jirani.

Na mpe kitu cha kuhesabu badala ya kilio. Mtoto hulia kwa njaa, kwa joto, kwa kutaka kubebwa, na jioni nyingine hulia tu. Kilio peke yake hakipimi maziwa. Mkojo unapima. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe. Choo kinatoka kwenye weusi na kufika manjano. Akinyonya unasikia anameza. Anataka titi mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo, na zipo siku anataka mfululizo mpaka mama anadhani yamekauka. Hapana, ndivyo anavyoagiza ya kesho. Mimi nilikuwa nawaambia: titi si mtungi kwamba ukiliacha litajaa. Ni kisima cha pwani, ukichota yanakuja, ukiacha mchanga unaziba. Kila kikombe cha maji au uji anachopewa mtoto ni mnyonyo mmoja uliopotea, na titi linapokea habari kwamba halihitajiki.

Dalili za kumkimbiza kituoni uzitaje wazi, siku hiyohiyo: anakojoa mara chache, analala tu hataki kunyonya, ana homa, umanjano unaenea mwilini. Na kwa mama, titi lenye wekundu pamoja na homa. Hapo asingoje kliniki.

Sasa mama mkwe. Amekuambia hujazaa. Ni kweli, na usitafute jibu la kumshinda, maana ukimshinda mbele ya mkwewe umemfungia yule binti mlango. Ungeweza kumwambia, "Ni kweli mama, sijazaa, ndiyo maana nakuja kuuliza. Ulipojifungua wa kwanza, nani alikuwa na wewe?" Kisha nyamaza umsikilize. Nimewauliza wazee wengi swali hilo. Karibu kila mmoja ana usiku wake wa siku ya tatu, titi limemuuma hadi akalia, na mtu mmoja aliyekaa naye. Akishalisema hilo, si adui wa binti tena, anakumbuka.

Halafu mpe kazi, maana yule ndiye mwenye jiko. Tatizo letu tunamwondolea kikombe cha maji mkononi tukamwacha mikono mitupu, na mjukuu analia. Uji ule wa ulezi ni mzuri sana, unywe mzazi. Mtori wa mzazi. Kumkanda aendelee, ila maji yasiwe ya kuunguza na kidonda cha upasuaji kama kipo kisiguswe. Aendelee na pilipili manga yake, sina ugomvi nayo. Ila ajue kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya na mama kula na kulala. Yeye ndiye ampokee mtoto akishashiba ili mama alale. Yeye ndiye azuie wageni siku za mwanzo. Na yeye ndiye ahesabu nepi. Bibi anayehesabu nepi hatakuambia hayatoshi, kwa sababu ameona kwa macho yake.

La joto, mwambie hivi: maziwa ya mama, sehemu 88 kati ya 100 ni maji. Mtoto wa Tanga mwenye kiu ananyonya mara nyingi zaidi, basi. Maji tunayompa kikombeni ndiyo mara nyingi yanayomletea tumbo la kuharisha, na hayo mama mkwe kayaona, pengine katika hao saba wake. Usimkumbushe kwa ukali.

Tenga Alhamisi moja kila mwezi iwe ya bibi na akina baba, na iwe saa kumi jioni, si asubuhi ambapo wako sokoni na baharini. Wataanza kuja wawili. Endelea.

Siku hiyo ndiyo ya kuzungumzia kubemenda, na tafadhali usilicheke neno hilo. Watu wanaamini mama anayenyonyesha akilala na mume, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu. Matokeo yake umeyaona: mtoto amekonda au anaharisha, na mama anamficha ndani, kwa sababu kumleta kliniki ni kutangaza aibu ya nyumba. Anakuja amechelewa. Wengine wanaachishwa kunyonya ili baba arudi kitandani. Waambie wanaume kwa lugha ya kawaida kwamba tendo la ndoa haligusi maziwa. Mtoto aliyedhoofu ni mgonjwa au hapati chakula cha kutosha, aletwe apimwe, hakuna atakayeulizwa habari za chumbani. Lakini waheshimu wazee kwa lile walilokuwa wanalilinda: mimba ya haraka. Hilo lina ukweli, mtoto aliyeachishwa ghafla kwa ajili ya mdogo wake huumia. Basi hapo fundisha uzazi wa mpango. Mama ambaye mtoto wake hajafika miezi sita, ananyonyesha maziwa pekee usiku na mchana, na hajaona damu ya mwezi, ana kinga kubwa dhidi ya mimba, zaidi ya asilimia 98. Moja ya hayo matatu likikosekana, atumie njia nyingine. Nimeona wanaume wakiliinukia hilo na kuuliza maswali kuliko jambo lolote.

Kuhusu VVU, mbele ya darasa ujumbe ni mmoja kwa wote: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Usiligawe darasa, wala usimwangalie mtu. Mengine yaseme chumbani, mlango umefungwa. Yule mama ajue kwamba kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016, akimeza dawa zake kila siku na virusi vikafubazwa, anaweza kunyonyesha miezi 12 na kuendelea hadi 24 au zaidi, mtoto naye akipewa dawa yake ya kinga na kupimwa kwa ratiba. Ajue pia kwamba kuchanganya maziwa yake na vitu vingine katika miezi sita ya mwanzo hakumsaidii mtoto. Mwulize nyumbani nani anajua hali yake. Jibu hilo ndilo litakuambia umsaidie vipi.

Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inawapa likizo ya siku 84, au 100 kwa pacha, na wakirudi kazini wana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wengi wa akina mama wako ni mama lishe na wauza samaki, sheria hiyo haiwafikii. Hao wafundishe kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe safi, si chupa. Na akija mtu wa kampuni na mabango ya maziwa ya kopo na zawadi za kubandika ukutani, mkatalie kwa adabu. Mwaka 1981 mataifa yalikubaliana kwamba bidhaa hizo zisitangazwe kwa akina mama wala kupitia kwa wahudumu wa afya. Wapo wachache ambao kweli hawawezi kunyonyesha. Hao washauri peke yao, bila kuwatia aibu.

Nimebakiza lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Darasa bora kuliko yote bado linaisha siku ya kujifungua, na shida inaanza siku ya tatu. Andika namba ya simu ya kila mama anapofika mwezi wa nane. Siku ya tatu mpigie, au mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite. Siku ya saba tena. Usimuulize, "Unanyonyesha?" Atakujibu ndiyo, kama walivyokuitikia darasani. Muulize, "Usiku wa jana ulikuwaje? Chuchu zinauma? Leo amekojoa mara ngapi? Nani yuko na wewe hapo?" Dakika tano tu. Na akisema zinauma, nenda, umwangalie akinyonyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono yako ikiwa mgongoni, usimwekee wewe. Akiweza mwenyewe mbele yako ataweza saa nane usiku.

Na sasa binti yako. Mtoto ana wiki mbili, hujachelewa hata kidogo, lakini usiongeze siku ya sita. Nenda kesho. Beba mzani. Ukifika msalimie mama mkwe kwanza, ukae chini, umwombe radhi kwa jinsi ulivyoondoka. Halafu mwambie binti, mbele yake, kwamba ulimfundisha nusu na umekuja kumalizia. Aanze na ziwa lisilo na kidonda kikubwa. Baada ya kunyonya apake tone la maziwa yake kwenye chuchu, yakauke kwa hewa. Mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi muda mwingi iwezekanavyo, titi kila anapolitaka, usiku usirukwe. Yale maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa umri huo, lakini usiyakate kwa siku moja wakati huna uhakika na ya mama. Mpime, muulize mganga wenu wa zahanati kama kuna dalili yoyote ya hatari, kisha myapunguze kidogo kidogo kila siku huku mkihesabu mikojo na kupima kila baada ya siku mbili au tatu. Hesabu ya nepi mkabidhi bibi, na umpe kalamu. Daftari lipo.

Nitafurahi ukiniandikia uzito wake wa kesho, na wa Jumanne ijayo.

Bibi Mkunga